Ng'ombe wa Paji Jeupe na Bajeti ya Mwezi wa Sita

Siku moja imekataa kunitoka, mwanangu, ingawa nimejaribu kuiacha katika miji mingi. Niliiacha Nakuru, nikaikuta Naivasha. Niliiacha Naivasha, ikanitangulia Athi River. Ni Alhamisi moja ya mwezi wa sita, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, siku ambayo waziri wa fedha alisoma bajeti redioni na ng'ombe mmoja akakataa kuinua kichwa. Ukisikia hivyo utadhani ni mambo mawili. Hata mimi nilidhani hivyo asubuhi ile.

Usinisikie nikikuita mwanangu ukafikiri nina mkongojo. Sijafika hamsini. Ndevu ndizo zimetangulia, nami nazifuata polepole. Lakini mtu hazeeki kwa miaka peke yake. Huzeeka pia kwa yale aliyoyaona yakilipwa, na nani aliyalipa.

Kwetu ni upande wa Bomet, pale chai inapoanza kupungua na mahindi kuongezeka. Asubuhi ya ukungu humwoni mchumaji. Unasikia tu majani yakikatika na mtu akikohoa. Baba yangu, Arap Rono, alikuwa nyapara wa barabara katika kambi ya serikali. Alikuwa na koti la kaki na baiskeli nyeusi, na kila mwisho wa mwezi alikuwa na mshahara. Siku zile mshahara wa serikali ulikuwa kama jua. Hakuna aliyeuliza kama kesho litatoka.

Kwa sababu hiyo watu walimwamini, na kwa sababu walimwamini boma letu lilijaa. Hapa nikueleze kidogo, kwa maana wengi wenu mmezaliwa mjini. Sisi Wakipsigis tuna desturi inayoitwa kimanagan. Mtu mwenye ng'ombe hawafungi wote katika boma lake. Huwatawanya kwa marafiki, huyu hapa na yule kule, ili ukame au ugonjwa ukipita njia moja usimalize mali yote. Rafiki anayepewa ng'ombe hukamua, hunywa maziwa, huweka samadi shambani mwake. Ila ng'ombe si wake, na ndama akizaliwa si wake pia. Hakuna karatasi wala shahidi wa kuapa. Kuna urafiki tu, na urafiki ndio kamba yenyewe.

Wageni waliopita kwetu walisimama kwenye ua wakisema, "Arap Rono, Mungu amekubariki." Baba alijibu, "Tunamshukuru Mungu." Jibu hilo halikuwa uongo. Halikuwa ukweli pia. Katika boma lile lote, ng'ombe aliyekuwa wetu hasa alikuwa mtamba mmoja mweusi, mwenye mimba yake ya kwanza. Mtamba huyo alikuwa na kazi yake. Alikuwa wa dada yangu Rael.

Rael alikuwa amefaulu darasa la nane kuliko wasichana wote wa lokesheni yetu, akaitwa shule ya bweni. Muhula wa kwanza alilipiwa kwa chai. Muhula wa pili alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Sare yake ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, naye akawa akiipiga pasi ya makaa kila Jumapili, ingawa haikuwa imevaliwa. Baba alimwambia, "Malimbikizo yangu yakitoka, utarudi. Yasipotoka, tutauza mtamba." Kwa hivyo Rael alikuwa na njia mbili, na mwenye njia mbili hulala usingizi.

Haya malimbikizo, mwanangu, ndiyo yanayotupeleka kwenye mambo ya serikali. Uchaguzi wa vyama vingi ulipokaribia, nchi ilijaa pesa. Nakumbuka noti mpya, ngumu, zikinuka wino. Kila mtu aliahidiwa kitu. Watu wa barabara waliahidiwa nyongeza ya mshahara, tena ihesabiwe kuanzia miezi ya nyuma. Kura zikapigwa, vipaza sauti vikanyamaza, na bei zikaanza kupanda. Sukari ilipanda, unga ukapanda, mafuta ya taa yakawa ya kupimwa kwa kifuniko. Shilingi ile ile iliyonunua mkate ikawa inanunua kipande chake. Nchi za nje zilizokuwa zikitusaidia zilikuwa zimefunga mkono. Tukasikia kwamba serikali ilitumia kuliko ilichokuwa nacho, na shimo likabaki. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi harusi tuliiona kwa mbali. Matanga yaliletwa mpaka mlangoni.

Kambini kwa Baba, greda ilisimama kwa kukosa dizeli. Kwanza walisema ni wiki moja. Nyasi zikaota kati ya magurudumu, kuku wa mlinzi akatagia kwenye kiti cha dereva. Barabara ya chai ikakatika katikati, na mvua ikinyesha lori halikufika, majani yakapata moto ndani ya magunia yakageuka rangi kama tumbaku. Mshahara nao ulikuja siku umechelewa, siku umekatwa. Lakini Baba aliendelea kuvaa koti lake kila asubuhi.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Kanisa letu lilifanya harambee ya kujenga ukumbi. Mtu wa serikali hawezi kukaa nyuma siku ya harambee. Baba alisimama akaahidi pesa ambazo hakuwa nazo, na mwenye kipaza sauti akalisoma jina lake mara mbili, na watu wakapiga makofi, mimi nikiwemo. Nilipiga mpaka viganja vikawaka. Rael hakuwepo. Siku ile zamu ya kuchunga ilikuwa yake.

Ahadi ni deni, na mchungaji wa kanisa hakuchoka kukumbusha. Malimbikizo, ambayo Baba aliyaita arrears kama watu wa ofisini, yalikuwa "yanakuja". Basi Baba akachukua ng'ombe mmoja wa kimanagan, jike mwenye paji jeupe tuliyemwita Chelel, akamwuza kwa wachuuzi waliokuwa wakipeleka ng'ombe Kericho. Chelel alikuwa wa Arap Tonui, mzee wa Chebunyo, aliyemleta kwetu kwa miguu wakati jua lilipochoma nyasi za Chepalungu. Baba hakujiona mwizi. Alijiona kama mtu aliyeuza leo kitu atakachonunua kesho. Hata mimi nilimwona hivyo.

Wiki chache kabla ya bajeti, Arap Tonui alituma salamu kutoka soko la Bomet. Kijana wake alikuwa anaoa. Angekuja Alhamisi ile ile ya bajeti kumwangalia ng'ombe wake, kisha mwezi ujao amchukue.

Baba hakulala siku hiyo wala iliyofuata. Halafu akapata akili, akili mbaya hufika haraka. Rafiki yake mwingine upande wa Longisa alikuwa na jike mwenye paji jeupe vile vile. Alimwomba kwa wiki moja tu, akisingizia kwamba kwetu kuna fahali mzuri wa kumpanda. Mama alikuwa akisonga kimyet, ugali wetu wa wimbi, Baba alipotuambia.

"Ni ya kuonyesha tu," alisema. "Bajeti ikisomwa, arrears zitoke, nitanunua ng'ombe nzuri kuliko Chelel."

Mama hakugeuka. "Utanunua ng'ombe. Lakini utanunua Chelel?"

"Maneno ya wanawake."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, Baba Kiplangat. Hayo si maneno ya wanawake. Ni maneno ya wenye matako."

Mimi, huyo Kiplangat, nilicheka, na Rael akacheka, na Baba akatoka nje. Mimi ndiye niliyetumwa Longisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, sina kazi, nina kichwa kilichojaa masomo ya biashara. Nilimswaga yule ng'ombe njia nzima nikijiambia kwamba hivi ndivyo dunia inavyoendeshwa. Unakopa hapa, unaziba pale, mambo yanasonga.

Arap Tonui alifika Alhamisi mchana, mrefu, mkavu, fimbo mkononi na kofia ya sufi kichwani hata kwenye jua. Tuliamkiana, "Chamgei," akaulizia mvua, chai, watoto. Kisha akaenda kwenye ua peke yake.

Hakuingia ndani. Aliegemea miti ya lango akaanza kuimba kwa chini, ile sauti ya koo ambayo wachungaji wa kwetu huwaimbia ng'ombe wao, akitaja jina la Chelel katikati. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Yule wa paji jeupe aliendelea kula. Aliimba tena. Ng'ombe akafukuza nzi kwa mkia. Mtamba wetu mweusi ndiye aliyeinua kichwa akamtazama mgeni, kwa udadisi tu wa ujana.

Mzee aliingia, akashika sikio la yule wa paji jeupe, akalilaza kwenye kiganja kama mtu anayesoma alama ya mwenye ng'ombe, akaliachilia. Alisema neno moja, "Amekula vizuri." Akarudi nyumbani, akapewa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, akanywa mpaka mwisho. Baba akapumua. Nilimwona mabega yakishuka.

Saa ya bajeti ilipokaribia, Baba alitaka kwenda kusikiliza, na mgeni akasema atafuatana nasi. Redio yenye betri nzuri ilikuwa kwa Mama Moraa. Mama huyu alitoka Kisii kuja kuchuma chai katika mashamba makubwa, akachoka kuchuma, akafungua duka karibu na kituo cha kupimia majani. Wachumaji walikuwa wamekaa juu ya vikapu wakisubiri lori ambalo huenda lisingekuja. Hotuba ilikuwa ya Kiingereza, na kwa kuwa nilikuwa na kidato cha nne, nilisukumwa mbele.

"Mama Moraa, ongeza sauti," Baba alisema.

"Niongeze sauti na betri nilinunua mimi? Baba Kiplangat, wakipandisha sukari leo, wewe ndio nitapandishia wa kwanza."

"Pandisha. Leo serikali inanilipa."

"Serikali ikikulipa nitakubeba kwa mgongo mpaka Bomet."

Watu walicheka. Nikaanza kutafsiri. Sigara, bia, soda, magari. Kila kitu kikitajwa, kuna mtu aliguna. Kisha waziri akafika mahali pa hesabu kubwa kubwa.

"Sasa anasema kuna nakisi," nilisema.

"Nakisi ni mtu wa wapi?" Arap Tonui aliuliza.

"Ni shemeji ya waziri," Mama Moraa alidakia.

"Si mtu, Mzee. Ni upungufu. Serikali inataka kutumia pesa mingi kuliko ile inakusanya. Ile imepungua, itakopa."

"Itakopa wapi? Si wazungu wamekataa?"

"Itakopa hapa ndani. Kwa benki, kwa watu wako na pesa."

"Na ile ilikopa mwaka jana, imelipa?"

"Inalipa, Mzee." Nilikuwa nimesimama wima, mikono nyuma, kama mwalimu. "Inakopa kwa huyu, inalipa yule. Yule akishalipwa anaikopesha tena. Hiyo si shida. Nchi zote hufanya hivyo, hata kubwa. Tulifundishwa."

Baba alinitazama kwa fahari. Mwanangu, ningeweza kurudisha kitu kimoja maishani, ningerudisha uso ule, kwa sababu ulikuwa wa mwisho wa aina yake.

Arap Tonui alichora mstari mchangani kwa ncha ya fimbo. "Inachukua ya huyu, inaonyesha yule."

"Inalipa yule, Mzee. Si kuonyesha."

"Nimesikia. Kama ile ng'ombe ya paji nyeupe iko kwa boma ya Arap Rono."

Hakupaza sauti. Aliendelea kuchora mstari wake. Mama Moraa, ambaye hakuwahi kukosa neno, alichukua kitambaa akaanza kupangusa mizani iliyokuwa safi. Redio peke yake ndiyo iliyoendelea kuongea, Kiingereza kirefu kisicho na haraka.

Baba alikuwa akitazama viatu vyake. Kisha alisema, "Kiplangat. Amesema nini juu ya mishahara?"

Nilikuwa nimekwisha kusikia. Hakukuwa na neno la malimbikizo. Kulikuwa na maneno kwamba serikali imebeba wafanyakazi wengi kuliko inavyoweza kulipa, na kwamba mzigo huo utapunguzwa.

"Amesema watapunguza watu, Baba."

"Na arrears?"

"Hajataja."

Mama Moraa alizima redio yeye mwenyewe.

Tuliteremka kurudi nyumbani, Baba mbele peke yake, mimi na Arap Tonui nyuma. Pale barabara ilipokuwa imeliwa na maji, ambapo Baba na watu wake wangeshaziba zamani kama wangepewa kokoto, mzee alisimama apumzike. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kuyapokea.

"Umenifundisha kitu leo, kijana," alisema. "Sasa na mimi nikuulize. Ukilipa huyu na mali ya yule, huyo yule utamlipa na nini?"

"Na ya mwingine, Mzee."

"Na mwingine akija?"

"Kuna mwingine tena."

"Na watu wakiisha?"

Hilo halikuwa kwenye kitabu.

"Watu wakiisha, inabaki mtoto," alisema. "Mtoto hawezi kukataa, kwa sababu siku ya kukopa hakuwa kwa baraza. Mtu akikopa ya rafiki, ataona haya, atalipa. Akikopa ya mtoto, nani atamwonyesha haya? Usiniambie tena nchi zote hufanya. Wezi wote pia hufanya. Ukisoma kitu, uliza ni nani atakamuliwa."

Kisha akanishika bega, akaniegemea kuvuka lile shimo. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana. Ningependa zaidi angenipiga.

Nyumbani Baba alikuwa tayari amesimama kwenye ua. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alionyesha mtamba mweusi kwa kidole.

"Chukua huyo," alisema.

Arap Tonui alimtazama mtamba, akamtazama Baba. "Hii ni yako kweli, ama nayo iko na mwenyewe?"

"Ni yangu."

"Ni ya Rael," Mama alisema kutoka mlangoni. "Ni karo yake. Usimfiche mzee, tumeshaficha ya kutosha."

Ndipo nilipoona kwamba Rael alikuwa pale muda wote, amesimama nyuma ya Mama, na nyuma yake sare kwenye msumari. Arap Tonui aliitazama ile sare. Nilimwomba Mungu mzee aseme basi. Nilitamani aseme kwamba atasubiri, kwamba urafiki ni mkubwa kuliko ng'ombe. Nadhani hata yeye alitamani.

"Mama Kiplangat," alisema mwishowe, "kijana yangu anaoa. Wazee wa msichana niliwaahidi Chelel. Nikiacha hii hapa, itabidi niende nikope kwa jirani nidanganye wakwe. Na huyo jirani atadanganya mwingine. Hii kitu lazima isimame mahali. Ndama ambazo Chelel angezaa sitadai, hizo nimewaachia. Lakini lazima isimame."

"Isimame kwa mtoto wangu?"

Mzee aliegemea fimbo yake. Mchuma janga hula na wa kwao, sote tulijua hivyo, na kujua hakukusaidia mtu.

Rael alipita katikati yetu. Alikuwa na miaka ya kuruka kamba bado. Alifika kwenye lango la ua akaweka mkono juu ya mti wa juu.

"Nifungue, Baba?"

Baba aliitikia kwa kichwa, na Rael akateremsha miti ya lango mmoja mmoja, akaipanga vizuri chini kama alivyofunzwa, akampisha ng'ombe wake apite.

Rael hakurudi shuleni. Alichukua kikapu akaenda kwenye chai. Yule wa paji jeupe nilimrudisha Longisa, na habari zikanitangulia, kwa maana habari mbaya haihitaji barabara nzuri. Wenye ng'ombe wao walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja na sababu: huyu ana harusi, yule ana msiba. Mwaka uliofuata haujaisha, Baba akapunguzwa kazini. Koti alibaki nalo. Alilivaa mpaka tulipomzika.

Mimi niliondoka. Nimepakia mizigo, nimemwagilia maua ya kwenda Ulaya, nimelinda milango ya matajiri, na kila mahali nilijikuta mwezi wa sita nimesimama karibu na redio ya mtu. Miaka yote ile ya tisini niliisikiliza bajeti kama mtu anayegusa jino bovu. Shimo lilizibwa kwa shimo. Serikali iliwaahidi wenye pesa faida nono, nazo benki zikaona hakuna haja ya kumkopesha mkulima atakayelipa kwa jasho. Hospitalini mgonjwa aliambiwa anunue glavu za daktari na daftari la kuandikiwa ugonjwa wake. Walimu waliahidiwa, wakasubiri, wakagoma. Uchaguzi uliporudi ahadi zilirudi, na baada yake bili. Nilichojifunza ni hiki: hakuna aliyeingia nyumbani kwetu na bunduki kuchukua kitu. Vitu vilikuja tu kupungua, dawa kwanza, kisha kokoto, kisha mtu.

Mwaka juzi nilipita nyumbani. Greda iliuzwa kama chuma chakavu. Pale iliposimama pana lami, nayo nimeambiwa ni ya mkopo. Nilimkuta Rael kwenye chai, mama mzima sasa, vidole vyeusi kwa utomvu, kikapu mgongoni. Tulikaa kwenye ukingo wa shamba tukala mahindi ya kuchoma. Tulimtaja Baba, tukataja Chelel, tukataja hata kofia ya Arap Tonui, ambaye naye alikwisha kufa. Rael hakuwa na uchungu mdomoni. Alitafuna taratibu, akatazama upande wa kanisa, ambako ule ukumbi wa harambee ungali umesimama na bati lake limeota kutu.

"Kaka," aliniuliza, "yale makofi yalikuwaje? Mimi sikuwepo."

Nilisema yalikuwa ya kawaida tu.

Basi, mwanangu, haya ndiyo niliyotaka kukuachia. Siku ukisikia mkubwa anaahidi, awe baba, awe mchungaji, awe waziri, usiulize kwanza ahadi ni tamu kiasi gani. Uliza ng'ombe ni wa nani. Ukiambiwa pengo litazibwa, uliza limezibwa kwa kutoboa wapi. Kukopa si dhambi. Hata kimanagan ni kukopeshana, nayo imeokoa watu wengi katika ukame. Dhambi ni kuuza usichomiliki kwa ajili ya makofi, kisha kumwachia mtoto afungue lango. Na wewe mwenyewe, ukipewa cha mtu kukitunza, kunywa maziwa ushukuru, lakini kila asubuhi mtaje mwenyewe kwa jina mbele ya watoto wako, wakue wakijua. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo ainywe aliyeugua. Usimnyweshe mwanao.

Sina boma la kukurithisha, nina maneno tu. Mungu akupe ng'ombe wachache walio wako kweli, nawe ukisimama langoni ukiwaimbia jioni, wainue vichwa. Akupe watoto wenye nguo shuleni, si kwenye msumari. Na siku utakapoitwa kulipa, ikukute ukiwa hai, una nguvu, na uwe wewe mwenyewe uliyekuwepo siku ya makofi.